Betri Hiyo Sifungi

Kwa aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nijitambulishe kwa ufupi. Mimi ni Paskazia, fundi umeme wa magari, mzaliwa wa Ukerewe, mkazi wa Mkolani. Miaka tisa nilifanya kazi katika gereji ya Ngosha pale mjini Mwanza, mpaka siku aliponifukuza mbele ya wateja akisema nimeunguza kompyuta ya gari la mtu. Niliwaeleza humu kwamba nilisingiziwa. Nikaweka meza yangu kando ya barabara na kibao nilichokipaka rangi mwenyewe: FUNDI UMEME, GARI ZOTE, na namba yangu ya simu chini yake.

Gari zote hazikuja. Wiki tatu nilitengeneza honi mbili za bodaboda na redio moja ya saluni. Wenye magari walisoma kibao, wakaniona ndani ya ovaroli, wakaongeza mwendo.

Sasa sikilizeni kilichonikuta Jumatano.

Lilikuja Fuso la ng'ombe, limevuta gari jeusi kwa mnyororo. Gari lenyewe la Kijerumani, refu, limeng'aa mpaka unajiona meno. Kwenye usukani alikuwa Mzee Machibya, mnunuzi wa ng'ombe anayejulikana minada yote kuanzia Misungwi hadi Magu. Kiti cha nyuma alikaa binti yake, Odeta, ambaye harusi yake ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Mimi ndiye."

Akakitazama kibao. Akanitazama mimi. Akachungulia chini ya meza, labda kuna mwanaume nimemficha.

"Haya," akasema. "Mafundi wa mjini wamenichosha. Gari limekufa leo siku ya tatu, na Jumamosi lazima limpeleke binti yangu kanisani. Lakini wewe huna kazi kubwa. Betri nimekuja nayo. Funga tu."

Vijana wawili wakaishusha kutoka kwenye Fuso. Betri ya lori. Waliibeba wakiwa wameinama kama wamebeba jeneza.

"Hebu inyanyue usikie uzito," akasema Mzee Machibya kwa majivuno. "Dukani nilinyanyua kumi na mbili. Hii ndiyo iliyonishinda, nikajua hii ndiyo yenyewe."

"Mzee, na ng'ombe unamnunua kwa kumnyanyua?"

"Ng'ombe namshika nundu. Betri naipima kwa mkono. Nzito ndiyo yenye nguvu. Mimi nimemiliki Fuso tangu hujazaliwa."

"Nina miaka thelathini na sita, mzee."

"Basi ulikuwa unatambaa."

Sikutaka kubishana. Nikafungua buti, maana magari ya aina hii huficha betri nyuma, chini ya zulia. Nikaipima iliyokuwamo. Volti nane. Hiyo ilikuwa maiti.

"Hii ni ya ngapi?"

"Ya tatu mwaka huu. Betri za siku hizi takataka."

"Jioni ukishaegesha huwa unafanya nini?"

"Nachomoa terminali mwenyewe, kwa mkono wangu. Kwenye Fuso zangu zote ndivyo tunavyofanya. Betri lazima ipumzike, sawa na mnyama."

Odeta akageuza uso dirishani. Nikajua kwamba nyumbani hilo limeshasemwa, na aliyelisema alinyamazishwa.

Nikavuta pumzi, nikamweleza. Nilimwambia gari hili si Fuso, halitaki kuchomolewa waya kila jioni, maana kompyuta yake inasahau yote na asubuhi inaanza upya kama mgeni. Nikamwambia kwamba kila likisimama kwenye foleni linajizima lenyewe kubana mafuta, na ukiinua mguu kwenye breki linawaka. Kwa siku moja linaweza kuwashwa mara hamsini. Betri ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo, hata ikiwa nzito kama jiwe la kusagia.

"Linataka betri inayoitwa AGM," nikasema. "Ndani haina maji ya kuchezacheza, asidi yote imenywewa na mikeka myembamba. Na ukishaifunga, unachomeka kompyuta ndogo, unaliambia gari kwamba limepewa betri mpya. Usipoliambia, linaichaji kwa kipimo cha ile ya zamani mpaka inakufa."

"Kwa hiyo hii yangu?"

"Irudi kwenye Fuso."

Watu walikuwa wameshaanza kusogea. Mzee Machibya hakupenda.

"Nakulipa ufunge. Sijakulipa unifundishe."

"Betri hiyo sifungi."

Niwaambie ukweli, pesa yake niliihitaji. Nyumbani nilikuwa na unga wa jioni moja. Lakini nilijua gari lile likifia njiani hakuna atakayesema betri ya Mzee Machibya ilikuwa mbovu. Watasema ni yule mwanamke wa Mkolani. Sikuwa na mtaji mwingine zaidi ya jina, nalo lilikuwa tayari na doa.

"Mwanamke mbishi haolewi," akasema.

"Nimeshaolewa, mzee, na nimeshaachika. Hilo halinitishi tena."

Waliokuwepo wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomkera zaidi. Akaamuru betri ipakiwe, mnyororo ufungwe.

Fuso lilipoanza kuvuta, Odeta akafungua mlango kidogo. "Dada, hizo herufi ulisema ni zipi?"

"A, G, M."

Akaziandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino.

Alhamisi saa nne asubuhi gari jeusi lilipita mbele ya meza yangu. Linatembea! Lilipiga honi ndefu kama msafara wa kiongozi. Ngosha alikaa kiti cha mbele kando ya Mzee Machibya, kioo kimeshushwa, mkono nje.

"Paskazia! Si linatembea?"

Barabara nzima ilicheka. Leonsia, jirani yangu muuza vitumbua, mama wa Kihaya mwenye moyo mwema na ulimi usio na breki, akanisogelea na kikombe cha chai.

"Ungeifunga tu, mdogo wangu. Njaa haijui AGM."

Nikanywa chai ile nikiwa nimeinamisha kichwa. Machozi yalinitoka, siwafichi. Kisha nikanawa uso, nikapangusa meza, nikakaa palepale ili wote wanaocheka wanione vizuri.

Saa saba simu ikaita. Namba ngeni.

"Mama betri."

"Nani mwenzangu?"

"Machibya. Niko hapa mjini, kwenye kivuko cha kwenda Kamanga. Njoo upesi, watu watanipiga."

Nilichukua mkoba wangu wa vifaa, nikapanda bodaboda. Njia nzima nilijisemea kwamba siendi kwa sababu ya Machibya, naenda kwa sababu ya kibao changu.

Nilichokikuta sijawahi kukiona. Gari jeusi lilikuwa limekwama kwenye mlango wa kivuko, magurudumu ya mbele juu ya bati, ya nyuma kwenye zege la nchi kavu. Mlango haupandi, kivuko hakiondoki. Nyuma kuna lori la ndizi, basi dogo na pikipiki zisizo na idadi. Mbele, abiria waliokwisha kupanda wamejipanga ukingoni wanatukana kwa zamu. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa alikuwa anampa Mzee Machibya maneno ambayo gazeti halitayachapa.

"Lisukumeni!" watu walipiga kelele.

"Halisukumiki," nikasema nikipita katikati yao. "Gia zimejifunga, na breki ni ya umeme. Bila umeme hilo ni jiwe."

Ngosha alikuwa ameinama ndani ya boneti, jasho linamtiririka. Aliponiona akajifanya hanioni.

"Lilizimikaje, mzee?" nikauliza.

"Tunampeleka Odeta ng'ambo akaagwe na bibi yake. Baharia akaninyooshea mkono nisimame, nikasimama. Gari likanyamaza lenyewe. Nikainua mguu, likakataa kuamka."

"Ndivyo nilivyokwambia."

"Sasa si wakati wa kunisomea, mama!"

Nikamwomba dereva wa lori la ndizi asogee ubavuni. Nikatoa nyaya zangu za kubusti, zile za kuazima umeme wa gari jingine, moja nyekundu, moja nyeusi. Chini ya boneti kuna sehemu mbili za kushikia umeme hata kama betri iko nyuma. Nikashika kibanio chekundu, nikainama.

Hapo ndipo Ngosha alipopaza sauti.

"Mzee, mzuie! Huyu ndiye niliyemfukuza. Aligeuza nyaya hivi hivi, akaunguza kompyuta ya gari la mteja. Mkimwachia, gari hili litabaki kopo!"

Makelele yakakatika kama redio iliyochomolewa waya. Mzee Machibya akanishika mkono, kibanio bado kimo kwenye vidole vyangu.

"Niambie," akasema. "Ni kweli?"

Wasomaji wangu, hapa inabidi nisimame. Wiki mbili zilizopita niliwaandikia kwamba nilisingiziwa, na wengi wenu mlinitumia salamu za kunipa pole. Salamu hizo nilizipokea na sikustahili.

Kulikuwa na njia ya kupita. Siku ile nyaya za gereji ya Ngosha zilikuwa nyeusi zote mbili, maana ule mwekundu ulikatika na yeye hakununua mwingine. Ningeweza kulisema hilo pale kivukoni, na lingekuwa kweli tupu. Ningemtazama Ngosha usoni, naye angebabaika, na watu wangekuwa upande wangu.

Lakini tangu siku ile nilikuwa nimejificha nyuma ya nyaya nyeusi, na nilikuwa nimechoka.

"Ni kweli," nikasema, tena kwa sauti ya kusikika. "Nyaya zilikuwa nyeusi zote mbili, lakini mkono ulikuwa wangu. Sikupima. Nilijiona najua. Niliiunguza mimi, Paskazia. Tangu siku hiyo sigusi gari la mtu kabla ya kupima mara mbili, na ndiyo maana jana nilikataa kufunga betri yako ingawa nilikuwa na njaa."

Abiria mmoja akapiga mluzi. Ngosha alitabasamu, akakunja mikono kama mtu aliyeshinda kesi.

Mzee Machibya hakuniachia mkono. "Unajua," akasema taratibu, "minadani nimezunguka zaidi ya miaka thelathini. Hakuna muuzaji aliyewahi kunionyesha kilema cha ng'ombe wake kabla sijakiona mwenyewe. Wewe ni wa kwanza. Haya, funga."

Nikapima. Nikapima tena. Chanya kwenye chanya, hasi kwenye bodi. Dereva wa lori akakanyaga mafuta, Mzee akabonyeza kitufe, na gari jeusi likanguruma. Nikamwambia arudi nyuma pole pole, asizime kitu. Kivuko kikapandisha mlango na kuondoka, yule mama wa dagaa akinipungia kanga.

Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Nilifurahi kwa muda wa kama dakika kumi.

Tulipofungua buti nikaikuta betri mpya ya Ngosha. Kwenye ubavu wake kulikuwa na karatasi ya kunata yenye herufi tatu kubwa: AGM. Niliipitishia ukucha. Ikabanduka yote, na chini yake kuna picha ya trekta.

"Nani amebandika hii?"

"Nimeinunua hivyo hivyo," Ngosha akajibu harakaharaka. "Muulizeni mwenye duka."

"Nilikwambia nataka ile ya herufi tatu," Mzee Machibya akamng'akia. "Odeta alikuonyesha kiganja chake!"

Nikageuka nikamtazama mzee yule. Kumbe alinisikia. Jana, mbele ya meza yangu, alinisikia neno kwa neno, kisha akayabeba maneno yangu akampelekea mwanaume ayafanyie kazi. Iliniuma kuliko honi na vicheko vyote vya asubuhi.

"Sasa hiyo ya kweli iko wapi?" akaniuliza.

"Mwanza nzima ninayoijua mimi, inayoingia kwenye gari hili, ipo moja. Kwa Dorotea, yule dada wa duka la betri. Jumatatu niliiona kwa macho yangu, ya mwaka huu, haijakaa kwenye rafu ikachoka. Tukiipata leo, kesho jioni gari lako ni jipya."

Nilipokuwa nasema hayo, Ngosha alisogea kando na simu sikioni. Nilimwona. Nikadhani anawaita watu wake.

Nikampigia Dorotea.

"Paska, umechelewa," akasema. "Imelipiwa kwa simu sasa hivi, hata dakika tano hazijapita. Bodaboda yuko njiani kuja kuichukua."

"Nani kalipia?"

"Si bosi wako wa zamani?"

Nikashusha simu. Ngosha alikuwa amerudi, anajifuta mikono kwa kitambaa, mtulivu kabisa.

"Mzee," akasema, "tusilaumiane. Karatasi ilibandikwa dukani, mimi sijui. Lakini sasa betri halisi ninayo. Lileteni gari gereji kwangu kesho asubuhi, betri nitaifunga mwenyewe. Na kwa kuwa dada yangu hapa anajua habari za kuliambia gari, aje na kompyuta yake. Mimi nitafunga, yeye atanipa spana."

Kumpa mtu spana! Hiyo ni kazi ya anayejifunza wiki ya kwanza. Jumamosi gari litafika kanisani, watu watauliza nani fundi, na jibu litakuwa Ngosha. Paskazia atakuwa yule mwanamke aliyekiri mbele ya kivuko kwamba aliunguza gari. Kukiri kwangu kungebaki, ufundi wangu ungehama.

Mzee Machibya akakuna ndevu. Niliona anapiga hesabu zake.

"Mama," akaniambia, na safari hii alisema kwa upole, jambo lililonitisha. "Mpe spana. Ni siku moja tu."

"Miaka tisa nimempa spana, mzee."

"Basi siku moja si nyingi."

"Kwangu ni nyingi. Kama unataka gari lako nilitengeneze, nalitengeneza mimi, kwenye meza yangu, chini ya kibao changu. Sitampa spana huyu, hata kama binti yako atakwenda kanisani kwa baiskeli."

"Na betri utaitoa wapi?"

Nikamtazama Ngosha, mwenye betri.

Mzee akatikisa kichwa. "Una haki ya kukasirika. Lakini mnadani unanunua kwa mwenye ng'ombe, hununui kwa anayemjua ng'ombe."

Akautoa ufunguo mfukoni, akampa Ngosha. Ngosha akaupokea kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa, huku ananitazama mimi.

Nikakunja nyaya zangu. Nikafunga mkoba. Nikasema, tena nikahakikisha hata wauza samaki wananisikia: "Likizimika Jumamosi mbele ya kanisa, namba yangu iko kwenye kibao. Na bei itakuwa nyingine."

Nikaanza kupandisha mlima kuelekea barabarani bila kugeuka nyuma. Sikuwa hata na nauli ya bodaboda. Nilikuwa nimekiri kosa langu, nimeokoa gari la mtu, nimefichua udanganyifu wa Ngosha, na bado nilikuwa natembea kwa miguu.

Nikasikia viatu vinakimbia nyuma yangu.

"Dada Paskazia! Subiri."

Alikuwa Odeta, anahema, kitenge kimemlegea kiunoni.

"Rudi kwa baba yako, mdogo wangu. Huna kosa na mimi."

"Yule mtu alibandika karatasi akijua ni gari la harusi yangu," akasema. "Halafu baba amempa ufunguo. Mimi siwezi kupanda gari alilolifunga yule."

"Mwambie baba yako."

"Nilimwambia habari ya kuchomoa terminali mara nne. Baba hasikii kwa kuambiwa."

Akafungua kiganja. Herufi tatu za wino zilikuwa zimeanza kufutika kwa jasho, na juu yake kulikuwa na ufunguo mweusi, unaofanana kabisa na ule aliopewa Ngosha.

"Gari linakuja na funguo mbili," akasema. "Huu wa pili nautunza mimi, na gari tunaweza kulitoa kwa Ngosha tukalileta kwako. Kaka yangu ana basi linalofika Bukoba kesho asubuhi na linalogeuza siku hiyo hiyo. Wewe niambie tu, betri ya namna hii Bukoba ipo?"

Ipo. Nilikuwa najua duka, na nilikuwa najua mwenye duka. Nilikuwa najua pia jina la kosa la kuchukua gari la mtu bila ridhaa yake, na kwamba shahidi wa kwanza dhidi yangu angekuwa Ngosha.

Chini kule kivukoni, Mzee Machibya alikuwa ameshagundua kiti cha nyuma hakina mtu, na alikuwa anaita jina la binti yake.

Nikaunyoosha mkono, nikauchukua ufunguo.